Maji ya Miwa Mdomoni mwa Nyanya

Wiki iliyopita binti yangu alisahau chupa ya maji ya miwa ndani ya mkoba wangu. Tulikuwa tumeinunua stendi ya Voi, kwa kijana anayekamua miwa kwa mashine, tukapanda nayo kuelekea Wusi. Jua la Voi halina mchezo. Tulipofika Mwatate chupa ilikuwa imeanza kufura, na tulipofika nyumbani ilikuwa imekwisha kufyatua kifuniko na kumwagika yote juu ya gauni langu la kanisani. Nilipofungua mkoba nikapokewa na ile harufu, tamu na chachu kwa pamoja. Nikamgeukia binti yangu, maneno yote yakiwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Kisha nikamkumbuka Nyanya, na badala ya kusema nikaketi kwenye ngazi nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.

Nyinyi mliokulia milimani wakati mmoja nami mtakumbuka kwamba mtoto hakuelezwa jambo. Uliokota maneno yaliyodondoka kwenye mazungumzo ya wakubwa, ukayaunga mwenyewe, na kama uliyaunga vibaya, shauri yako. Mimi nililelewa na Nyanya, mamake baba, kwa sababu wazazi wangu walikuwa Mombasa kikazi na hewa ya huko ilinibana kifua. Nyumbani tulikuwa watatu tu: Nyanya, mimi, na Baba mdogo Mwadime, kitinda mimba wa Nyanya, kijana mrefu mwenye kicheko cha kusikika bonde la pili.

Baba mdogo alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Nyanya alimchapa sana utotoni ili abadilishe mkono, akaambulia patupu. Hata mzigo wa kuni aliufunga kinyume. Kwetu watu hufunga mzigo kwa kamba ya mgomba na kuacha mkia utokee upande wa kulia, ili ukiuvuta mara moja fundo lote lifunguke. Mkia wa Baba mdogo ulitokea kushoto. Kila jioni Nyanya aliupapasa upande usio wake, akinung'unika kwamba amezaa mtoto aliyegeuzwa na upepo.

Siku aliyokamatwa, akina mama wa kanisa walikuwa kwetu kwa maombi. Nyanya alikuwa amewapikia kimanga, ile mihogo ya kupondwa na maharagwe, pamoja na nyama. Nyama yenyewe ililetwa na Baba mdogo, ambaye alisema ni mbuzi aliyemnunua Mwatate kwa bei nzuri. Walikula, wakasifu, mmoja akaomba mfupa wa pili. Walipokuwa wakisema amina ya mwisho wakaingia askari wa wanyama, wakaenda moja kwa moja jikoni, wakateremsha paja lililokuwa likikaushwa juu ya moto. Mbuzi wa Mwatate akawa swala wa mbugani. Sijawahi tena kuona akina mama wakifuta midomo kwa haraka namna ile.

Baba mdogo hakubisha. Alinyoosha mikono afungwe, akajaribu hata kutania kwamba swala yule ndiye aliyemfuata yeye. Hapo Nyanya akalipuka. Kumlisha mwenyekiti wa akina mama nyama ya wizi, ndani ya nyumba yake, baada ya Zaburi! Akasimama mlangoni, akamnyooshea kidole, akasema kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia: "Nenda! Na uzungukezunguke huko duniani, usipate mahali pa kulaza ubavu!"

Kwetu hasira ya mzazi si jambo la kupita na upepo. Ukimkasirikia mtu wako wa damu, ile hasira inaweza kumwandama aendako hata kama mwenyewe umekwisha kuisahau. Dawa yake ni kutasa. Unajaza mdomo maji ya miwa, au pombe, au maji matupu ukikosa vyote, unayapuliza yamwangukie kama manyunyu, na unatamka wazi kwamba hasira imetoka, apoe, awe na amani. Mchungaji hakupenda kusikia habari hizo. Nyanya alimpikia mchungaji chai nzuri, akamwitikia ndiyo baba, na aliendelea kutasa.

Lakini safari ile hakutasa. Alikuwa amekasirika kweli. Baba mdogo alihukumiwa, akawekwa jela kule Wundanyi, si mbali na kwetu. Nyanya alinituma na mwanamke jirani tumpelekee kimanga, yeye mwenyewe akakataa kuja. "Mwambieni mimi nina mbuzi wa kuchunga," alisema, na mbuzi hatukuwa naye.

Tulimkuta Baba mdogo nje, akikata nyasi kando ya ofisi za serikali. Alivaa kaptula na shati jeupe, mapya kuliko nguo zake zote za nyumbani. Nyuma yake alisimama askari mwenye bunduki, na Baba mdogo akisogea hatua, askari naye anasogea. Mimi mtu pekee niliyewahi kumwona akifuatwa na bunduki alikuwa DC, siku alipokuja kufungua zahanati. Basi nikaelewa nilivyoelewa: Baba mdogo amepata cheo. Shuleni nikawatangazia wenzangu kwamba baba yangu mdogo ana askari wake wa kumlinda, analala nyumba ya serikali na chakula anapikiwa. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani, nami nikadhani anafurahi pamoja nami.

Mwezi ule wote Nyanya alijifanya hajali, ila usiku uji wake ulipoa bakulini bila kunywewa. Jumapili moja, wakitoka kanisani, mwenyekiti wa akina mama akamshika mkono. Ndiye yule aliyeomba mfupa wa pili. Akamwambia, "Mama Mwadime, mtoto akikunyea mkono, huukati. Na ile nyama, tuseme ukweli, ilikuwa tamu." Nyanya akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kesho yake akakamua miwa, akajaza kibuyu, akanishika mkono tukashuka Wundanyi kwenda kuitoa hasira.

Getini tukaambiwa, "Mwadime? Huyo alihamishwa. Alienda Voi."

Tukarudi, tukangoja siku ya basi, akakamua miwa mingine, tukateremka hadi Voi, yeye akiwa na kibuyu mapajani, mimi nikiwa na kapu la kimanga kichwani. Kwenye jela ya huko tukasimama juani na watu wengine, zamu yetu ikafika, askari akaingia ndani akatoka. "Hayuko hapa, mama. Alipelekwa kambi ya kazi."

"Kambi gani, mwanangu?"

"Hiyo mimi sijui. Lori ilikuja ikachukua watu. Ngoja tu, akimaliza atakuja nyumbani."

Mimi nilifurahi. Mwalimu wetu mzuri kuliko wote alikuwa amehamishwa mara mbili, na kila mara watu walisema anapanda. Nikamwambia Nyanya, "Baba mdogo anapanda tu!" Nikamtazama nione kama amefurahi, nikaona machozi. Nilikuwa sijawahi kuona Nyanya akilia. Alikaa juu ya jiwe kando ya barabara, akakumbatia kibuyu, akaniambia polepole kama mtu anayesoma, "Uzungukezunguke. Usipate mahali pa kulaza ubavu. Wakesho, ni mimi. Ni mdomo wangu huu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna jambo, ingawa sikujua ni lipi. Nyanya aliamini kwamba kila lori lililombeba mwanawe lilisukumwa na maneno yake, na kwamba asipomfikia, mtoto atahamishwa na kuhamishwa mpaka apotelee kusikojulikana. Kumwombea akiwa mbali hakungetosha. Kutasa ni mtu na mtu, manyunyu yamguse.

Basi tukaanza kumtafuta. Nyanya alikuwa na mpwa wake aliyeishi karibu na stesheni ya Voi, tukafikia kwake. Kila mtu aliyeshuka kutoka garimoshi au lori Nyanya alimuuliza. Umeona wafungwa wakifanya kazi? Kuna mmoja mrefu, anacheka sana? Akapewa Mwadime wa kila aina. Utingo mmoja alimwona mrefu lakini mzee. Muuza mayai alimwona mchangamfu lakini kibete. Fundi wa reli aliapa kwamba alimwona kabisa, akamweleza vizuri kabisa, hadi akafika kwenye meno ya dhahabu. "Mwanangu hata pesa ya mbuzi hana, meno ya dhahabu atayatoa wapi?" alisema Nyanya, akaendelea kuuliza.

Kisha likaingia garimoshi la kutoka Taveta, likiwa na wanawake wa ndizi. Mnakumbuka wanawake wale? Walishuka na mikungu iliyolazwa juu ya matete ili isichubuke, kelele zao zikitangulia. Mmoja, mnene, mwenye kanga kiunoni, aliteremsha mzigo wake karibu nasi. Nyanya alikuwa anafungua mdomo amuulize yale yale, mara akanyamaza. Akapiga magoti mbele ya yale matete. Yalikuwa yamefungwa kwa kamba ya mgomba, na mkia wa fundo ulitokea upande wa kushoto.

Nyanya aliushika, akauvuta, mzigo wote ukafunguka pale pale na matete yakatawanyika miguuni mwa watu.

"We mama, una wazimu?" akafoka mwenye ndizi.

"Haya matete umeyatoa wapi, mwanangu? Nani amefunga?"

"Si hao wafungwa wanaozibua mfereji kule Bomeni, kwetu Taveta. Wanakata, wanafunga, wanaacha hapo kando. Sisi tunachukua ya kulazia ndizi. Kwani ni yako?"

"Matete si yangu," alisema Nyanya. "Fundo ni langu." Akayakusanya yote, akamfungia upya, kwa kulia. Halafu akaketi kitako chini akicheka na kujifuta macho. "Nimemchapa mtoto kwa mkono huo, Wakesho! Namshukuru Mungu hakunisikia."

Asubuhi tukapanda garimoshi kwenda Taveta. Nyanya alikuwa amekamua miwa mibichi jioni iliyotangulia, kwa sababu yeye ni mtu wa kanisa na hakutaka kubeba pombe. Alikuwa amekiziba kibuyu kwa gunzi la mahindi na kukifunika kwa kitambaa. Lakini behewa lilikuwa tanuri. Tukipita Maktau kibuyu kikaanza kunong'ona. Tukipita Mbuyuni kikawa kinanguruma, na bwana aliyekaa karibu nasi akachukua kofia yake akahamia kiti cha mbali. Nyanya alikikumbatia kwa mikono miwili akatazama nje dirishani, kama mtu ambaye kibuyu si chake.

Bomeni tuliufuata mfereji ndani ya migomba mpaka tukasikia majembe. Askari alikuwa amekaa kivulini, bunduki mapajani, mtu wa bara, uso wake mpole lakini umechoka na jua. Nyanya alimsalimu kwa heshima zote, akasema amekuja kumwona mwanawe Mwadime.

"Siku ya kuona wafungwa si leo, mama. Na hiyo ni nini?"

"Ni maji ya miwa."

Askari akavuta gunzi. Likaruka na mlio, povu likamfika kwenye viwiko. Akanusa. Uso ukabadilika.

"Mama! Hii ni pombe! Unaletea mfungwa pombe? Wewe unataka kufungwa pia?"

"Jana ilikuwa maji, mwanangu. Ni jua la njiani."

Hakusikiliza. Akakiinamisha kibuyu, akaanza kumwaga mtaroni. Nikaona safari yetu yote ikimwagika, Wundanyi na Voi na mawe ya kando ya barabara. Nyanya naye aliona. Akainama kwa wepesi ambao sikuujua kwake, akaweka mdomo kwenye ile chururu, akajaza mashavu hadi yakang'aa, akasimama wima.

"Tema!" akasema askari.

Nyanya akatikisa kichwa.

"Basi meza!"

Akatikisa tena.

Askari akanigeukia. "Mtoto, huyu nyanya yako ana nini?"

"Amebeba hasira," nikasema.

"Amebeba nini?"

"Hasira. Anataka kumpulizia Baba mdogo, itoke. Ndiyo maana anahamishwahamishwa. Tafadhali usimfanye ameze, ataimeza tena."

Askari alinitazama, akamtazama Nyanya, ambaye macho yalikuwa yameanza kumtoka kwa kubana pumzi. Nafikiri aliogopa atamfia pale. Akapiga filimbi. Wanaume wakapanda kutoka mferejini, wamejaa matope, vichwa vimenyolewa, miguu mitupu. "Chuchumaa!" akapaza sauti, nao wakachuchumaa mstari mmoja, mikono juu ya magoti. Wa tatu alikuwa Baba mdogo.

Nilimwona akichuchumaa, na katika dakika ile cheo chote nilichompa kikaanguka. Mtu mkubwa hachuchumai akiambiwa. Nilielewa bunduki ilikuwa ya nini, na shati jeupe, na kicheko cha mwalimu. Nilisikia aibu ikinipanda kutoka miguuni. Niligeuza uso nisimwone, kisha nikaurudisha, kwa sababu yeye alikuwa ameniona na alikuwa anatabasamu vile vile kama alivyotabasamu akitoka shambani.

Alipomwona Nyanya akasahau amri, akainuka nusu. "Mama!" Askari akaruka katikati kumzuia. Na Nyanya, aliyekuwa amebeba lile funda kwa nguvu zake zote, hakuweza tena. Akapuliza.

Yote yalimpata askari. Usoni, kwenye kofia, mabegani. Alisimama akichuruzika. Nikajua sasa tunafungwa sote watatu.

Kikapasuka kile kicheko. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye matope akicheka hadi machozi, wenzake wakimtazama kwa hofu. "Afande! Hapo umetasiwa wewe! Hiyo ilikuwa baraka yangu!"

"Baraka gani?"

Akamweleza, akiwa pale pale chini, kwa heshima na kwa kwikwi za kucheka: mbuzi wa Mwatate, akina mama wa kanisa, maneno ya mlangoni. Askari alisikiliza huku akijifuta. Mwisho akalamba mdomo. "Kwa hivyo baraka yako nimekula mimi?"

"Yote, afande."

"Basi mama," askari akamwambia Nyanya, "mimi naomba transfa siku nyingi niende karibu na kwetu, sipati. Hiyo ya kwanza ibaki yangu." Akafungua chupa yake ya maji iliyoning'inia kiunoni, akampa. "Hii ni maji ya serikali. Inafaa?"

"Maji ni maji, mwanangu," alisema Nyanya. "Mungu akuweke."

Baba mdogo akainamisha kichwa. Nyanya akajaza mdomo, akapuliza, manyunyu yakatua kwenye kile kichwa kilichonyolewa, na akasema, sio kwa nguvu, ila nilisikia kila neno. "Kama nilikukasirikia, hasira imetoka. Nililosema halikukaa. Upoe, mwanangu. Ulale ubavu wako, uamke, urudi kwangu." Akapuliza mara ya pili. Halafu akauchukua ule mkono wa kushoto, wenye matope, akauweka shavuni. "Huu mkono nimeuchapa sana."

"Na bado haujasikia, Mama."

Kwenye garimoshi Nyanya alilala tangu Taveta hadi Voi, mdomo wazi, kibuyu kitupu kikibingirika miguuni, nami nilikesha nikimlinda kama askari.

Baba mdogo hakuhamishwa tena. Alizibua mfereji ule hadi siku yake ya kuachiliwa ilipofika. Askari yule ndiye aliyehamishwa, kabla ya mvua, akaenda kwao, na mpaka leo Baba mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa sasa na hagusi swala, hulalamika kwamba serikali ilimwibia baraka yake ya kwanza.

Siku aliyorudi nyumbani alikuja na mzigo wa kuni aliokata njiani. Nyanya alikuwa ameisiriba sakafu tangu asubuhi kwa ajili yake. Alikuwa anaimba. Baba mdogo akaingia kwa miguu ya matope, akapita katikati ya sakafu mbichi, akautupa mzigo, na alama zake zikabaki nyuma yake kubwa kubwa. Nyanya akainuka. "We Mwadime! Nenda huko uka..."

Akakatiza. Sote tuliganda. Akaruka hadi mtungini, akachota kata ya maji, akajaza mdomo, akasimama katikati ya nyumba na mashavu yamefura na macho makali, hawezi kusema lolote. Baba mdogo akaja taratibu, akapiga magoti mbele yake, akainamisha kichwa. Toka siku ile hiyo ndiyo ikawa desturi ya Nyanya. Hasira ikimshika, kwanza maji mdomoni, na sisi tulijua kazi yetu.

Basi wiki iliyopita, nilipomaliza kucheka pale kwenye ngazi, niliinua lile gauni nikaona doa lilivyosambaa, nikagundua kwamba hasira yenyewe haijaenda mahali. Nikamwonyesha binti yangu kikombe kwa kidole. Akaniletea maji. Nikajaza mdomo nikamtazama. Ni msichana mkubwa sasa, amesuka nywele zake kwa saa nyingi huko mjini, na nywele hizo hazitaki manyunyu kabisa. Aliguna. Kisha akaja, akapiga magoti, akainamisha kichwa.